Rangi ya injini isiyobanduka: kazi iko kabla ya kufungua kopo

Fungua boneti ya gari la zamani ambalo injini yake ilipakwa rangi mwaka jana, na papo hapo utajua kama fundi alikuwa na haraka. Rangi imevimba kuzunguka plagi za maji. Pembeni mwa tapeti kava imebanduka kwa vipande. Chini ya kabureta imelainika na inanata kidoleni. Kwenye manifoldi ya egzosi haipo kabisa: iliungua siku ya kwanza, ikaacha unga wa kijivu na kutu mpya juu ya kutu ya zamani. Mwenye gari atasema rangi za siku hizi ni maji matupu. Mara nyingi rangi yenyewe haina kosa. Iliwekwa juu ya mafuta, au iliwekwa mahali ambapo haikutengenezwa kukaa.

Suala hili limeanza kugusa watu wengi zaidi. Magari ambayo miaka ishirini iliyopita yalikuwa yakioza nyuma ya gereji sasa yanafufuliwa: Land Rover za Series, Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun za enzi za Safari Rally. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover za kila umri kwa tamasha la siku kadhaa. Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, mashindano ya Concours d'Elegance huwa na waamuzi wanaoinama hadi ndani ya boneti kuchungulia sehemu ambazo mwenye gari hakudhani mtu angezitazama. Bodi ikishang'aa na viti vikishonwa upya, injini ndiyo inayobaki kumuumbua mtu.

Tuanze na swali ambalo wengi huliruka: kwa nini injini ipakwe rangi hata kidogo? Jibu la kwanza ni kutu. Bloku nyingi za zamani ni za chuma cha kusubu, na chuma hicho kikiachwa wazi hushika kutu hata kwa umande wa usiku mmoja. Jibu la pili ni kwamba uvujaji huonekana mapema. Injini safi yenye rangi ya kung'aa kidogo humwonyesha dereva tone la mafuta siku ileile linapoanza kutoka, wakati injini iliyofunikwa na tope la mafuta huficha kila kitu hadi sampu inapokauka. La tatu ni utambulisho. Viwanda vilitumia rangi kama alama ya ukoo. Chevrolet za V8 zilijulikana kwa rangi ya chungwa. Ford ya Marekani ilikuwa na rangi mbalimbali kwa injini mbalimbali hadi 1966, ilipoamua zote ziwe buluu. Mini za Uingereza zilitoka na injini za kijani. Volvo walipenda nyekundu, na hadi leo wapenzi wa magari hayo huziita injini zao za baadaye kwa jina la bloku nyekundu. Land Rover nyingi za Series II zilikuwa na injini ya buluu iliyochanganyika na kijani hafifu, mfano wa ganda la yai la bata, na ukikwangua tope la miaka arobaini nyuma ya pampu ya maji bado utaiona.

Kabla ya kununua chochote, basi, kwangua mahali palipojificha. Nyuma ya jenereta, chini ya mkono wa kushikilia injini, chini ya bamba la pampu ya petroli. Huko ndiko rangi ya kiwandani hubaki, kwa sababu jua, petroli na brashi za waoshaji hazikufika. Ukiipata, ipige picha mchana kweupe na uende nayo dukani pamoja na kipande halisi ikiwezekana. Simu hubadilisha rangi kuliko unavyofikiri.

Jambo la kuamua baada ya hapo ni joto, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu husikia kwamba injini ni moto, akanunua rangi ya gharama kubwa iliyoandikwa inahimili nyuzi elfu moja, akaipaka injini nzima. Injini inayopozwa kwa maji haina joto hilo. Thermostati ya kawaida hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 za sentigredi, na nje ya bloku na silinda hedi joto huzunguka eneo hilo, likizidi kidogo kwenye mlima au kwenye foleni. Injini ikifika mahali ambapo bloku ina nyuzi 200, rangi ndiyo jambo la mwisho la kukuhangaisha. Manifoldi ya egzosi ndiyo yenye hadithi nyingine: gesi inayotoka kwenye silinda za injini ya petroli huwa na mamia ya nyuzi, na chuma cha manifoldi kinaweza kufika nyuzi 400 au zaidi gari likivuta mzigo. Usiku, ukisimama baada ya mlima mrefu, wakati mwingine utakiona kimewiva chekundu.

Kwa hiyo kuna rangi mbili tofauti, za kazi mbili tofauti. Rangi ya enameli ya injini, ile ya kopo la kupuliza au ya mkebe, huandikwa kwamba inahimili kiasi cha nyuzi 260 hadi 288, na mara nyingi hiyo ina maana ya joto la vipindi, si la saa nzima. Kwa bloku, hedi, sampu, tapeti kava na pampu ya maji, hiyo inatosha na kubaki. Rangi ya silikoni ya joto kali, ile ya nyuzi 600 na kuendelea, ni ya manifoldi na bomba la egzosi. Ukiigeuza na kuipaka kwenye bloku utapata matatizo mawili: huwa haina mng'ao, na isipopata joto kali la kuiivisha hubaki laini, tone la petroli likaifuta. Rangi ya joto kali kwenye sehemu isiyo na joto kali ni dhaifu kuliko rangi ya kawaida. Wengi hawaamini hadi waione ikitoka na kitambaa.

Vipi kuhusu duko, rangi ya bodi ambayo kila fundi rangi anayo? Hukauka upesi na hung'aa vizuri, lakini thina huiyeyusha hata ikiwa imekauka mwaka mzima, na petroli huinyemelea. Usiipoteze kwenye injini. Enameli ya mafuta, ile ya mageti na madirisha, inashangaza kwa uvumilivu wake ikipewa muda wa kukauka. Matrekta mengi yamefanya kazi miaka mingi yakiwa nayo. Tatizo lake ni mafuta ya breki na petroli wiki za mwanzo, na rangi nyeupe au krimu hugeuka njano kwa joto.

Bingwa wa kemikali zote hizo ni rangi ya pakiti mbili, inayochanganywa na hadena kabla ya kupulizwa. Ikishaiva, petroli haiigusi, mafuta ya injini hayaigusi, na hata mafuta ya breki, adui mkubwa wa rangi, huchukua muda kuishinda. Ikiwekwa juu ya praima ya epoksi kwenye chuma safi, nadhani hakuna kitu kingine kinachoikaribia kwa injini inayofanya kazi kila siku. Lakini hadena hiyo ina isosayaneti. Ukivuta ukungu wake, mapafu yanaweza kujenga mzio usioondoka, na mtu aliyekwishapata pumu ya aina hiyo hushikwa hata na kiasi kidogo sana. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote. Ile ya vichujio vya mkaa husaidia kwa muda tu na hutegemea umri wa kichujio. Inayotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya eneo la kazi. Vijana wetu wengi wa gereji za wazi huipuliza rangi hii wakiwa wamefunga leso usoni. Ukimpa fundi kazi ya pakiti mbili, uliza kwanza atavaa nini. Akikuonyesha leso, mpe kopo la enameli ya injini na umwokolee mapafu yake.

Hapa natoa maoni yangu, na wapo mafundi watakaonikatalia. Kwa mtu anayefufua gari moja nyumbani, bila kompresa na bila chumba cha kupulizia, brashi nzuri na mkebe wa enameli ya injini ni bora kuliko makopo ya kupuliza. Brashi huweka tabaka nene zaidi kwa mara moja, rangi haipotei hewani, na huingia kwenye mifereji na pembe za bloku ambako kopo hurusha unga mkavu tu. Chuma cha kusubu kina uso wa chembechembe, hivyo alama za brashi hupotea. Enameli hiyo hujisawazisha yenyewe ikikauka polepole. Wanaocheka brashi hawajaona bloku iliyopakwa kwa utulivu.

Sasa kazi yenyewe, ambayo robo tatu yake haina rangi. Chukua injini ya Land Rover ya lita 2.25, ya petroli, iliyoanza na Series II mwaka 1958 na kuendelea katika Series III. Bloku yake na hedi yake ni chuma cha kusubu. Kifuniko cha mbele cha taimingi na nyumba ya flaiweli ni aluminiamu. Ikiwa imetoka kwenye gari na imening'inia kwenye mnyororo, uzito wa tope lake peke yake utakushangaza: mafuta, vumbi la laterite na majani makavu yaliyogandamana hadi yakawa ngozi. Kwangua kwanza kwa patasi butu na bisibisi kabla ya kumwaga kitu chochote cha maji. Ukianza na maji ya sabuni, tope hilo hugeuka uji unaoingia kwenye kila tundu.

Kabla ya kuosha, ziba. Tundu la kabureta, tundu la distribyuta, mashimo ya plagi, mdomo wa mafuta, milango ya maji. Plagi za zamani zirudishwe mahali pake, matundu mengine yazibwe kwa vipande vya bamba na gasketi za zamani, si kwa vitambaa; kitambaa hunyonya maji kisha huyaachia ndani. Baada ya hapo ndipo kiondoa mafuta kinapakwa kwa brashi, kinaachwa, kinasuguliwa, kinaoshwa. Mafuta ya taa hufanya kazi nzuri ya kwanza lakini huacha utando wa mafuta, kwa hiyo lazima yafuatwe na sabuni ya unga yenye maji ya moto. Petroli iachwe: ni hatari kwa mtu na kwa gereji, na nayo huacha utando.

Wengine hukimbilia kostiki soda kwa sababu ni rahisi na hula kila kitu. Kweli hula kila kitu, pamoja na aluminiamu. Kifuniko cha taimingi cha injini hii, hedi ya Peugeot 504, kabureta za Solex na Zenith, vyote vitachemka na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na vitatoka vikiwa na vitobo. Kostiki ni ya chuma peke yake, na hata hapo uvae glavu ndefu na miwani.

Kwa vipande vidogo vya chuma, kama mikono ya kushikilia jenereta, kapi za feni na boliti, kuna njia tulivu ambayo Afrika Mashariki imebarikiwa malighafi yake. Soda ashi inayochimbwa Ziwa Magadi, ileile inayotumiwa viwandani kwa kioo na sabuni, huyeyushwa kwenye ndoo ya plastiki, kiasi cha kijiko kikubwa kwa kila lita nne au tano za maji. Kipande chenye kutu hufungwa waya wa hasi wa chaja ya betri na kuzamishwa. Upande wa chanya hufungwa kipande cha chuma cha kawaida, bila kugusana. Umeme mdogo hupita, mapovu hupanda, na baada ya saa chache kutu iliyokuwa nyekundu inakuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi chini ya bomba. Chuma kizima hakipungui. Mapovu hayo ni haidrojeni, kwa hiyo ndoo ikae nje na sigara ikae mbali. Upande wa chanya usitumie chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na masufuria, kwa sababu huachia kromiamu yenye sumu majini. Na aluminiamu isiingie ndoo hiyo hata kwa bahati mbaya.

Rangi ya zamani inayokataa kutoka isisuguliwe kwa msasa mkavu. Rangi za miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi zilikuwa na risasi, na gasketi za egzosi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Msasa uwe wa maji, na gasketi zikwanguliwe zikiwa zimeloweshwa. Kuhusu kupiga mchanga, nitasema waziwazi: usipige mchanga injini iliyofungwa, hata kama fundi ameapa kwamba ameziba kila kitu. Chembe moja ikipita njia ya mafuta hadi kwenye beringi, utarudi kufungua injini yote. Bloku tupu, iliyovuliwa hadi plagi za njia za mafuta, ndiyo pekee inayostahili, na hata hiyo ioshwe mara nyingi kwa brashi ndefu. Vumbi la mchanga nalo huharibu mapafu ya anayeupiga.

Kuna kipimo ambacho hakina gharama na hakidanganyi. Mwagia chuma maji safi. Yakitandaza na kubaki kama utando mmoja, chuma ni kisafi. Yakikusanyika na kuwa matone, bado kuna mafuta, haijalishi macho yako yanasema nini. Rudia kuosha. Chuma cha kusubu kina vinyweleo na hunyonya mafuta kwa miaka. Njia ya kuyatoa ni kukipasha joto kwa hewa ya moto hadi mafuta yatoke jasho, kisha kukifuta na kukiosha tena. Nimeziona injini zilizofutwa kwa thina na kitambaa kimoja kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Kitambaa hicho kilikuwa kinahamisha mafuta kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto. Tumia vitambaa vingi, kila kimoja mara moja, vyote vyeupe ili uone kinachotoka.

Kwa wenzetu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar kuna jambo la ziada. Kutu ya pwani ina chumvi ndani yake, na chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuinua rangi kutoka chini. Suuza ya mwisho iwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba. Maji ya visima vingi vya pwani ni ya chumvi na yatakurudisha ulikotoka. Baada ya suuza kausha mara moja kwa hewa ya kompresa, kwa sababu chuma safi kisicho na mafuta hushika kutu ya njano kabla hujamaliza kunywa chai. Angalia pia kompresa yenyewe: ikiwa haina kichujio cha maji na mafuta, inapuliza mafuta juu ya chuma ulichosafisha asubuhi nzima.

Kabla ya rangi, badilisha plagi za maji zilizolika. Hutoboka kutoka ndani, na hakuna aibu kubwa kuliko kupaka injini rangi nzuri halafu kuichafua kwa maji ya kutu mwezi unaofuata. Nyuso zote zilizochongwa ambako gasketi hukaa zifunikwe kwa maskintepu. Rangi ikiingia pale, gasketi haitaziba. Mahali waya wa athi unapofungwa kwenye bloku, na mahali stata inapokaa, paachwe chuma wazi. Injini nyingi zilizorudishwa kwenye gari zikiwa maridadi zimekataa kuwaka kwa sababu rangi ilikata njia ya umeme, na mwenye gari akanunua betri mpya bure.

Na nambari ya injini. Kadi ya gari ya Tanzania na logbook ya Kenya zote huiandika, na siku ya ukaguzi au mauzo afisa ataitafuta kwa tochi. Usiisage kwa grenda. Usiifunike kwa praima nzito. Safisha kwa brashi laini, piga picha, bandika maskintepu juu yake wakati wa kupaka, kisha mwishoni pitishia tabaka moja jepesi tu. Nambari iliyosagwa huleta maswali ambayo risiti za rangi hazitayajibu.

Aluminiamu haishiki rangi kama chuma. Inahitaji praima yake ya kuuma, au iachwe bila rangi, ikisafishwa kwa brashi ya nailoni. Kwa Volkswagen Beetle ninashauri zaidi kuiacha: nyumba ya injini yake ni aloi ya magnesiamu na huishi vizuri ikiwa wazi, huku silinda zake za chuma zenye mapezi zikihitaji rangi nyeusi nyepesi sana ya joto, kwa sababu rangi nene kwenye mapezi ni blanketi linalozuia joto kutoka. Injini hiyo hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hapo unene wa rangi si suala la urembo.

Watu hupenda kusema kwamba injini nyeusi hupoa vizuri kuliko nyeupe. Kwa joto la injini, ambalo hutoka kama miali isiyoonekana, rangi nyeupe, nyekundu, buluu na nyeusi hutoa joto karibu sawasawa. Rangi ya fedha yenye unga wa aluminiamu ndiyo inayobana kidogo. Kwa injini ya maji, tofauti hiyo haiwezi kushindana na redieta iliyosafishwa. Chagua rangi unayoipenda au iliyotoka kiwandani, kisha zingatia unene: tabaka mbili au tatu nyembamba kila mara zitashinda moja nene, ambayo hukauka juu huku chini ikiwa mbichi, kisha hupasuka injini inapopanuka.

Siku ya kupaka ichague kwa makini. Kama ni masika, subiri. Unyevu mwingi huifanya rangi iingie ukungu mweupe, na chuma baridi asubuhi ya Limuru au Njombe huwa na umande usioonekana. Anza saa nne asubuhi, bloku iwe vuguvugu kiganjani. Ukitumia kopo la kupuliza na likiwa baridi, liweke dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, na ulitikise dakika nzima au mbili baada ya gololi kuanza kugonga ndani. Anza na mahali palipofichika, chini ya milango ya egzosi na nyuma ya pampu ya petroli, kisha nyuso za wazi. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye chuma na uache baada ya kupita, umbali wa sentimita 20 hadi 30, mkono ukienda mwendo mmoja. Tabaka la kwanza liwe la ukungu tu, hata chuma kionekane chini yake. Hilo ndilo la kushikia. Subiri dakika kumi, weka la pili, kisha la tatu lenye maji kidogo zaidi, la kung'aa.

Soma maandishi ya kopo kuhusu muda wa kurudia. Rangi nyingi za injini hutaka tabaka zote ziishe ndani ya saa moja, au usubiri siku kadhaa hadi zimekauka kabisa. Ukirudia saa tano baadaye kwa sababu umeona doa, thina ya tabaka jipya huinua lile la chini lililokauka nusu, na rangi yote hukunjamana mbele ya macho yako. Hapo hakuna dawa ila kukwangua na kuanza upya.

Kukauka si kuiva. Enameli ya injini hupata nguvu zake zote baada ya kupashwa joto, na maelekezo ya rangi nyingi hutaka kiasi cha nyuzi 93 kwa dakika 20. Tapeti kava na sampu zinaweza kuwekwa kwenye oveni ya gereji. Ile ya kupikia chakula isitumike, moshi wake una sumu. Bloku itaivishwa na injini yenyewe. Acha siku chache kabla ya kuwasha, kisha iwashe hadi ifikie joto la kawaida, izime, ipoe, na urudie. Itatoa harufu na moshi kidogo, usiogope. Kabla haijaiva, tone la petroli kwenye rangi lifutwe mara moja, na mafuta ya breki yasisogee kabisa.

Manifoldi ya egzosi ina utaratibu mkali zaidi. Lazima iwe chuma kitupu, bila praima ya kawaida chini yake, na rangi ya silikoni huivishwa kwa hatua: nusu saa kwenye nyuzi 120, ipoe, nusu saa kwenye 200, ipoe, nusu saa kwenye 315. Ukiwa huna oveni hiyo, washa injini taratibu dakika kumi, izime ipoe, kisha ishirini, kisha nusu saa. Kwa gari la kazi, linalopanda milima na kubeba magunia, hata rangi nzuri hapo haitadumu kama kwenye bloku. Mimi ningeiacha manifoldi yenye kutu nyembamba ya kahawia, au niisugue kwa pasta ya grafaiti ya majiko ya chuma kila baada ya miezi michache. Haishangazi mtu, na haibanduki.

Wanaoandaa gari kwa mashindano hupenda mng'ao kuliko kiwanda kilivyofanya. Viwanda vingi vilipuliza injini ikiwa imeshafungwa, haraka haraka, rangi ikipita juu ya gasketi na baadhi ya boliti. Boliti zilizosafishwa moja moja na kung'arishwa ni kazi nzuri ya mikono, lakini si historia ya gari hilo. Kwa Land Rover iliyofanya kazi mbugani au shambani, mng'ao wa kioo chini ya boneti hauiwakilishi. Nusu mng'ao unatosha.

Kazi ikiisha, andika kwenye kifuniko cha kopo lililobaki jina la rangi, nambari yake, mwaka, na praima uliyotumia, kisha liweke mahali pakavu. Spana itateleza siku moja na kuondoa kipande, na bila maandishi hayo utazunguka maduka yote ya mjini ukitafuta buluu ambayo hakuna anayeikumbuka.